Jarida Likibadili Jina au Mhariri, Msomaji Aangalie Nini?

Wanachuo wenzangu, hasa sisi wa elimu tunaoandaa mapendekezo ya utafiti, si mnajua tunavyofanya? Tunaandika maneno mawili matatu kwenye Google, tunapakua PDF nne, tunanukuu, tunasonga mbele. Ukurasa wa wahariri nani anaufungua? Wachache sana. Lakini jarida si ghala. Mlangoni kuna mtu anayeamua swali gani liingie na lipi lirudishwe. Akibadilika yeye, au likibadilika jina la jarida, maswali nayo hubadilika. Tuchukue majarida matatu yanayohusu kujifunza kwa mtandao na kwa masafa.

La kwanza lilianza Marekani mwaka 1997, likiitwa Journal of Asynchronous Learning Networks. Jina lilitaja aina moja tu ya kujifunza: mwalimu na mwanafunzi wako kwenye mtandao, ila kila mmoja kwa saa yake. Mwaka 2014 Sloan Consortium, waliokuwa wakilitoa, walijiita Online Learning Consortium, na jarida nalo likawa Online Learning. Uwanja ukapanuka, hata kipindi cha video cha moja kwa moja kinakaa vizuri chini ya jina hilo. Sasa mtego ni huu: makala ya Anderson, Rourke, Garrison na Archer kuhusu uwepo wa mwalimu ilitoka 2001, chini ya jina la zamani. Ukitafuta kwa jina jipya peke yake unaweza kuikosa. Ukiinukuu kwa jina jipya, umetaja jarida ambalo mwaka ule halikuwepo. Kanuni ni rahisi: nukuu jina lililokuwa linatumika makala ilipotoka.

La pili ni IRRODL la Chuo Kikuu cha Athabasca, Kanada, lililoanza 2000. Mwaka 2015 lilibadili neno moja tu: kutoka elimu ya "masafa" kwenda elimu "iliyosambaa". Neno dogo, lakini wazo kubwa. Mwanafunzi haonekani tena kama mtu aliye mbali na darasa. Darasa lenyewe ndilo limetawanyika. Jambo moja halikubadilika: kulisoma ni bure na mwandishi halipi ada. Kwetu sisi wa kusubiri bumu, hilo si dogo.

La tatu ni American Journal of Distance Education, lililoanza 1987 chini ya mhariri Michael G. Moore, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi ya elimu ya watu wazima Kenya. Mwaka 1989, katika tahariri yake, aligawa mawasiliano ya kujifunza katika sehemu tatu: mwanafunzi na somo, mwanafunzi na mwalimu, mwanafunzi na mwenzake. Haikuwa ripoti ya utafiti, ilikuwa tahariri fupi tu. Mpaka leo tunaitumia kwenye mapendekezo yetu. Ndiyo nguvu ya mhariri hiyo.

Kwa hiyo ukisikia jarida limepata uongozi mpya, fanya hivi:

1. Soma tahariri ya kwanza ya mhariri mpya. Humo anasema anataka nini.
2. Linganisha toleo moja la kabla na moja la baada. Nani anachunguzwa, na kwa vifaa gani?
3. Angalia ada ya mwandishi na kama kusoma bado ni bure.
4. Angalia namba ya ISSN. Jina likibadilika kabisa, kwa kawaida namba nayo hubadilika.

La mwisho ndilo zito. Jina jipya huonyesha mazungumzo ya wenye jarida yamefika wapi. Halisemi kwenu kumefika wapi. Kama utafiti wako unahusu mwalimu wa kijijini anayesoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kwa simu ndogo, bando likikata katikati ya somo, basi umbali bado upo. Usilifute neno "masafa" eti kwa sababu jarida la Kanada limelifuta. Libakize, ulieleze, ulitetee mbele ya msimamizi wako. Wahariri nao hujifunza kutokana na makala wanazotumiwa, na za kwetu zisipofika mezani kwao, maswali yetu watayajuaje?