Sehemu ya kusikia haikai bure

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka miwili alizaliwa kiziwi. Je, sehemu ya ubongo ya kusikia inakufa kwa kukosa kazi?

JIBU: Haifi, mama. Hupata kazi nyingine. Kwa aliyezaliwa kiziwi, eneo hilo, lililo karibu na masikio, huanza kuitikia mwendo, vitu vilivyo pembeni mwa macho, hata mtetemo unaogusa ngozi. Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa mwaka 2010: Stephen Lomber na wenzake walichunguza paka waliozaliwa viziwi, ambao huona vya pembeni vizuri kuliko paka wanaosikia. Walipopoza kwa muda kipande kimoja cha eneo la kusikia, ubora huo ukatoweka. Walipopoza kingine, ukapotea uhodari wa kutambua mwendo.

Kama mnafikiria kifaa cha kupandikizwa sikioni, msichelewe. Kwa kawaida matokeo huwa bora kikipandikizwa kabla ya mtoto kufika miaka mitatu na nusu. Lakini lugha ya alama anzeni leo. Ubongo huipokea katika maeneo yale yale yanayoshughulikia lugha ya kutamkwa, na miaka hii ya mwanzo ina thamani kubwa mno. Bibi na kaka zake nao wajifunze.