SOMO: Bonde la maji lililokuwa la askari

Ndugu wanamemba wa koperative, mara nyingi munatuuliza: bonde la maji likiachwa bila watu, litapona lenyewe? Tuangalie mfano wa mbali, kisha turudi kwetu.

Huko Uingereza, mashariki ya London, kando ya mto Thames unapokaribia bahari, kuna bonde linaloitwa Rainham Marshes. Kwa miaka mingi askari walilitumia kwa kujifunza kupiga risasi. Raia walikatazwa kuingia. Pembeni viwanda na nyumba viliongezeka, lakini ndani hakuna aliyejenga.

Hata hivyo, kufunga tu hakukutosha. Fasi nyingi zilikauka na vichaka vikaota. Mwaka 2000 shirika la kulinda ndege, RSPB, lilinunua bonde hilo. Mwaka 2006 wageni wakaanza kuingia. Leo kuna ndege wengi na panya wa maji. Kazi kubwa ni mbili:

1. Kutawala maji. Mitaro inatunzwa, na maji yanazuiwa ili bonde lisikauke kabla ndege hawajalea watoto.

2. Kuchunga kwa kipimo. Ng'ombe wanapunguza majani, maana kuna ndege wanaotaga chini, fasi ya majani mafupi. Lakini ng'ombe wakizidi, wanakanyaga mayai.

Na sisi je? Mukichimba mtaro wa kina ili kukausha bonde lote, mavuno ya kwanza yanaweza kuwa mazuri, lakini kiangazi udongo utapasuka na mboga zitakosa maji. Afadhali muweke vizuizi vya mbao ndani ya mitaro, vya kufungua mvua ikizidi na kufunga ikipungua. Muache mafunjo kando ya mto. Ng'ombe waingie kwa zamu, si wakati udongo ni laini.

Neno zito la mwisho: kama bonde lenu lilikuwa kambi ao fasi ya vita, musianze kulima. Chuma musichokijua musikiguse wala musikichome. Rudini kwa njia ile ile muliyoingilia, mukataze watoto, mujulishe chefu wa kijiji ili wenye kazi ya kutegua mabomu waitwe. Jembe linaweza kungoja msimu mmoja. Mkono uliokatika hauoti tena.

Swali la mkutano wenu: kwenu, nani anafungua na kufunga maji, na nani alimuchagua?