Ameteguka au Amevunjika? Majina ya Majeraha ya Mchezoni

Jioni yo yote isiyo ya mvua, mtu asafiriye kutoka Busia kwenda Malaba kwa njia ya Alupe na Adungosi huwaona vijana wakicheza mpira, wengine katika viwanja vya shule, wengine katika nafasi yo yote iliyosazwa na malori yanayongojea kuvuka kwenda Uganda. Mchezo ni jambo jema. Lakini mchezaji akianguka na kushika mguu wake, watu kumi humzunguka, na wote kumi husema neno moja: "Ameteguka." Kisha mmoja wao, mwenye nguvu kuliko wenziwe, huushika ule mguu na kuuvuta. Kwa kuvuta huko, jeraha dogo laweza kuwa kubwa, na kubwa laweza kuwa kilema. Basi juma hili twataka kueleza maneno yanayotenganisha jeraha moja na jingine, ili mwenye kuushika mguu wa mwenziwe ajue ameshika nini.

Neno kuteguka lenyewe lina matata, kwa kuwa watu hulitumia kwa mambo mawili. Mahali mifupa inapokutana huitwa kiungo, nayo mifupa hiyo hushikanishwa na kano, yaani kamba ngumu za mwilini zisizovutika sana. Mchezaji akikanyaga shimo na wayo ukapinda kwa ndani, kano za upande wa nje wa kifundo cha mguu huvutika kupita kiasi, au huchanika. Mifupa haikuhama. Huku ndiko kuteguka hasa, na ni katika majeraha yanayotokea mara nyingi sana mpirani.

Jambo la pili ni mfupa kutoka mahali pake, kama bega la mlinda mlango aliyeuangukia mkono wake. Bega hupoteza umbo lake la mviringo, na mkono hauinuki. Karibu na kiungo hicho hupita mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, na mtu asiyefundishwa akivuta aweza kuijeruhi, au hata kuvunja mfupa uliokuwa mzima. Mkono ufungwe kifuani kwa kanga au shati, jinsi ulivyo, mgonjwa apelekwe hospitali.

Sasa, mguu uliovimba utajuaje kama umeteguka au umevunjika? Wengi hudhani kwamba mguu usiopinda haukuvunjika, na hilo si kweli. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, nchini Canada, walitoa kanuni nyepesi ambayo hata mwalimu wa michezo aweza kuikumbuka. Tazama mambo mawili. Kwanza, je, mgonjwa aweza kwenda hatua nne kwa miguu yake mwenyewe, hata kwa kuchechemea? Pili, bonyeza kwa kidole ile mifupa inayojitokeza pande mbili za kifundo, kwenye ncha yake na ukingo wake wa nyuma, na pia mfupa ulio katikati ya ukingo wa nje wa wayo. Akishindwa hatua nne, au akiumia unapobonyeza mfupa wenyewe, apigwe picha ya eksirei. Kanuni hii haimfai mtoto mdogo wala mtu aliyekunywa pombe, kwa maana mlevi huweza kutembea juu ya mfupa uliovunjika na kucheka.

Goti lina habari yake. Mchezaji akigeuka ghafula, akasikia mlio ndani ya goti, na goti likavimba katika saa chache, yawezekana kano ya ndani imekatika. Hapo kukanda hakusaidii kitu. Hata wachezaji wakubwa husubiri: Victor Wanyama, aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa ya Kenya, aliumia goti Agosti 2017 akiichezea Tottenham ya Uingereza, asionekane tena uwanjani mpaka Januari 2018.

Msuli nao hukakamaa au huchanika. Ukikakamaa huwa mgumu kama jiwe, nao hulegea ukinyoshwa taratibu. Ukichanika, mara nyingi ule wa nyuma ya paja, mkimbiaji husimama ghafula kama aliyepigwa jiwe, na ukinyoshwa maumivu huzidi.

Tiba ya kwanza ya kano na msuli ni kuacha kucheza, kufunga bendeji isiyobana mno, na kuuinua mguu. Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyefundisha haya pamoja na barafu mwaka 1978, aliandika mwenyewe mwaka 2014 kwamba barafu yaweza kuchelewesha kupona. Kwa hiyo itumike kidogo, kwa kutuliza maumivu, dakika kumi hivi, ikiwa imefungwa katika kitambaa. Aliye karibu na wauza samaki wa Port Victoria au Sio Port huenda akaipata. Asiyeipata atumie maji baridi. Maji ya moto, pombe na kukandakanda viepukwe siku mbili au tatu za kwanza, kwa sababu huongeza uvimbe.

Jeraha tunaloliogopa kuliko yote halionekani, nalo ni mtikisiko wa ubongo. Wawili wamegongana vichwa. Mmoja anasimama, lakini anauliza matokeo ya mchezo mara tatu, au anakwenda kama mlevi. Si lazima awe amezimia. Huyo atoke, wala asirudi siku hiyo. Tangu Julai 2024 sheria za mpira zaruhusu mashindano kuweka mchezaji wa badala wa ziada kwa ajili ya jeraha hili. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kumwuma, au akilala asiamshike, apelekwe hospitali usiku huo huo.

Limebaki jambo la kumchukua mgonjwa. Neno boda boda lilizaliwa hapa Busia, kwa baiskeli zilizovusha watu kati ya vituo viwili vya mpaka, na leo pikipiki ndiyo ya kwanza kuitwa. Lakini mguu uliovunjika ukining'inia ubavuni mwa pikipiki, ncha ya mfupa yaweza kutoboa ngozi. Ufungwe kwanza kwa vipande viwili vya ubao vinavyopita kiungo cha juu na cha chini ya jeraha, na itafutwe gari ambamo mguu waweza kulala sawa. Anayemsindikiza hospitali, iwe Busia mjini au Kocholya kwa watu wa Malaba, amweleze daktari haya: mgonjwa alisikia mlio au hakusikia, aliweza hatua nne au hakuweza, uvimbe ulianza baada ya muda gani, na kama kuna mtu aliyeuvuta mguu, aseme bila kuficha.