Wanaolala barazani kwangu

*Daktari, vijana watano hulala kwenye baraza ya duka langu hapa Mombasa. Korona imerudi, na majirani wanataka niwafukuze. Nifanyeje?*
*Mama Duka*

Mama, hofu yako naielewa, lakini ukiwafukuza watahamia baraza ya jirani. Virusi huenea zaidi chumbani pasipo hewa kuliko nje penye upepo. Kwa hiyo usiwafungie stoo kwa huruma. Hatari yao ni kulala wamebanana na kupokezana sigara na chupa ya gundi. Waambie walale mbalimbali. Pakiwa padogo, mzungu wa nne. Waachie ndoo ya bomba na sabuni. (Sabuni itaibwa, weka nyingine.) Anayehema kwa shida apelekwe hospitali usiku huohuo, asingoje kuche.