SOMO LA VIUMBE: UYOGA WENYE MAJANI YA KIJANI



Juma lililopita, mvua ilipokatika hapa Nyakasanza, wadogo wa mwaka wa 1 walifika na kikapu cha uyoga. Waliuokota pembeni ya miti, nyuma ya madarasa. Mmoja akaniambia: "Yaya, hii ni uyoga ya kichuguu, tupike." Niliangalia, nikakataa.

Uyoga wa kichuguu mama zetu wanaujua. Wataalamu wanauita Termitomyces, jina alilolitoa Mfaransa Roger Heim mwaka 1942. Aina zake kubwa ziko na ncha ngumu katikati ya kofia, na mguu unashuka kama mzizi mrefu mpaka kwenye nyumba ya mchwa. Kwa hiyo mukiona uyoga musiukate, muchimbe. Wale wadogo walikuwa wamekata yote! Alama ilibaki udongoni.

Ule wa kikapu ulifanana na Chlorophyllum molybdites: kofia nyeupe, pana kama sahani, magamba ya rangi ya kahawa katikati, na pete kwenye mguu ambayo unaweza kuisogeza kwa kidole. Chlorophyllum kwa Kigiriki ni jani la kijani. Lakini hapo ndipo watu wanadanganyika, sababu ukiwa mchanga, majani membamba chini ya kofia ni meupe kabisa. Kijani kinakuja nyuma.

Basi tulichagua kofia moja iliyofunguka, tukailaza juu ya karatasi nyeupe, majani yakiangalia chini, tukafunika na bakuli mpaka asubuhi. Vumbi lililoanguka lilikuwa la kijani. Kikapu chote tukamwaga. Mutu akiula uyoga huo, kwa kawaida baada ya saa 1 mpaka 3 anatapika na kuhara sana, na mtoto anaweza kuishiwa maji mwilini. Apelekwe hospitali upesi.

Wengine wanasema: konokono amekula, na sisi tule. Hapana! Tumbo la konokono si letu. Wengine wanatia kitunguu ndani ya chungu, wanangoja kigeuke cheusi; hicho nacho hakionyeshi kitu. Wala mutu asiniambie kwamba vumbi jeupe ni ruhusa. Amanita phalloides, unaoua watu Ulaya, vumbi lake ni jeupe. Kijani kinakataza, lakini rangi nyingine hairuhusu. Hapo mama anayejua aulizwe, na kama naye ana mashaka, tunakula sombe.

Karatasi yetu iko ukutani, darasa la mwaka wa 6, karibu na dirisha. Mukuje kuangalia, ila musiguse, vumbi linafutika.

Kapita, mwaka wa 6