Kijana wa Kiislamu na Kujithamini

Wasomaji, leo mniwie radhi niache Hesabu kidogo, nizungumze habari ya nafsi.

Ufipa ni nchi ya Wakatoliki wengi. Mapadre Weupe walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na dini yao ikaenea hata huku juu uwandani. Waislamu wapo mjini Sumbawanga na katika bandari za ziwa, lakini darasani mara nyingi huwa wachache. Basi mtoto anayefunga Ramadhani kati ya wenzake wanaokula hujionaje?

Mwanachuoni wa Marekani, Morris Rosenberg, alichungua jambo la namna hii. Mwaka 1965 alitoa kitabu juu ya vijana zaidi ya 5,000 wa shule za sekondari katika jimbo la New York. Alitunga sentensi kumi za kupima kujithamini, na kijana hujibu kama anazikubali au anazikataa. Akaona kwamba waliolelewa katika mitaa ambayo dini yao ilikuwa ya wachache walijithamini kidogo kuliko waliolelewa kati ya watu wa dini yao. Angalieni vizuri: walikuwamo Wakatoliki, Waprotestanti na Wayahudi. Basi shida haikuwa dini fulani, ila uchache wenyewe, na utani unaofuatana nao.

Tena yupo Ahmed Abdel-Khalek, aliyewapima vijana Waislamu wa Kuwait, na habari zake zikachapwa mwaka 2011. Yeye aliona kwamba wenye kushika dini zaidi walijithamini zaidi. Lakini tusiharakishe kusema kwamba swala ndiyo iliyoleta hayo. Huenda kijana mwenye moyo mtulivu huona wepesi kuswali. Na huko Kuwait mtaa mzima husikia adhana. Hapa kwetu sivyo.

Hapa kwetu, alfajiri ya mwezi wa Julai, maji ya kutawadha hukata vidole kama kisu. (Asiyeamini na ajaribu.) Mvulana anayetawadha huku wenzake wakimcheka, na yule ambaye jirani yake wa kitanda, Mkristo, amemwekea ndoo ya maji tangu jioni, hawaingii darasani na moyo mmoja, ingawa swala waliyoswali ni ile ile. Wazazi wengi hutuuliza kama mtoto anaswali. Wachache sana hutuuliza anaswali karibu na nani.

Swali la kujadiliana bwenini: nani kati yenu hufanya ibada yake kwa kujificha, na anamwogopa nani?