Naogopa kuingia kaburi la Newgrange

*Binti yetu anaishi Ireland na anataka kutupeleka Newgrange. Mahali pembamba pananitia hofu. Nifanyeje? Mama F., Mombasa*

Hofu yako ina msingi, Mama F. Ujia wa mawe una urefu wa mita 19, na kuna mahali utainama na kupita kiubavu. Mwili ukidhani umenaswa, moyo huenda mbio. Ila mbele kuna chumba ambacho dari yake imepanda kama mita 6, utasimama wima. Mweleze kiongozi mapema, ingia wa mwisho, pumua polepole. Taa zitazimwa kidogo ili kuigiza jua la Desemba linavyopenya hadi chumbani humo. Ukishindwa, jiwe la mlangoni, lililochongwa mizunguko miaka 5,000 iliyopita, linatosha kabisa kuitwa safari. Kama hata lifti huiwezi, muone mshauri wa saikolojia kabla ya kusafiri.